Neno "Honest" katika Othello na Mtihani wa Mtafsiri wa Kiswahili

Wahakiki wa Othello wamelishughulikia swali moja kwa muda mrefu: Iago alisukumwa na nini hata akamwangamiza jemadari wake? A. C. Bradley, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1904, alilijibu kwa kuichunguza nafsi ya Iago kana kwamba ni mtu aliyepata kuishi. Mwaka 1937 F. R. Leavis alilipindua swali hilo na kudai kwamba kosa limo zaidi ndani ya Othello mwenyewe. William Empson ndiye aliyeacha kuwahoji wahusika akalihoji neno. Katika sura moja ya kitabu chake The Structure of Complex Words, kilichotoka mwaka 1951, Empson alihesabu mara ambazo neno "honest" na nomino yake "honesty" hujitokeza katika tamthilia hii, akapata mara 52. Kisha akaonyesha jinsi neno hilo linavyotangatanga baina ya maana kadha, na jinsi kila mhusika anavyolishika kwa mkono wake.

Lakini Empson aliwaandikia wasomaji ambao neno hilo ni lao. Mwingereza anayemsikia Othello akimwita Iago "honest" hahitaji kuchagua. Maana zote humjia kwa pamoja, nyingine kwa sauti ya juu na nyingine kwa mnong'ono. Mtafsiri wa Kiswahili hana fursa hiyo. Hana budi kuandika neno, na neno atakaloliandika litafungua milango fulani na kuifunga mingine. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba katika Othello neno lenyewe ndilo mtego. Kwa hiyo mtafsiri anayeleta neno jipya kila muktadha unapobadilika, hata kama kila neno ni sahihi mahali pake, huwa ameutegua mtego huo kabla Othello hajaukanyaga.

Asili ya neno ni Kilatini, honestus, linalotokana na honos, yaani heshima anayopewa mtu mwenye cheo. Lilipopitia Kifaransa na kuingia katika Kiingereza cha Enzi za Kati lilikuwa bado linanukia cheo: mtu "honest" alikuwa mtu anayestahiki kuketi na wenye hadhi. Kufikia wakati Othello ilipochezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza, tarehe 1 Novemba 1604, neno lilikuwa limekwisha kushuka ngazi. Lilimaanisha mtu asemaye kweli na asiyeiba. Likitumiwa kwa mwanamke lilimaanisha jambo jingine kabisa, yaani kwamba hajalala na mwanamume asiyekuwa mumewe. Na maana hiyo haikujali hata kidogo kama mwanamke mwenyewe ni msema kweli au la. Tena lilikuwa limepata matumizi ya kumpigapiga mtu begani. Mkubwa alipomwita mdogo wake "honest" alikuwa akimsifu, na papo hapo akimkumbusha mahali pake. Empson anaongeza maana ya mtu mchangamfu, asiyejikweza, anayetoa lililo moyoni bila kujali adabu za wakubwa. Pengine anaipa maana hiyo uzito kupita kiasi, kwa kuwa ilistawi zaidi baada ya mwaka 1660 kuliko katika kizazi cha Shakespeare. Lakini haiwezi kupuuzwa, maana Iago hujifanya mtu wa aina hiyo kila anapokuwa kilabuni na askari wenzake.

Inafaa kutazama ni nani anayelitumia neno hili kwanza. Si Othello. Ni Iago mwenyewe, katika onyesho la kwanza kabisa, anapomweleza Roderigo kwamba kuna watumishi wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaopenda utumwa wao, wakamtumikia bwana wao ujana wao wote kwa malipo ya chakula tu, na wakizeeka wakatupwa nje. Hao ndio anaowaita "honest", na kwa maoni yake wanastahili viboko. Kwa hiyo hadhira hulisikia neno kwa mara ya kwanza likiwa tusi. Na anayelitoa ni mtu aliyenyimwa cheo. Cassio, mgeni kutoka Florence ambaye Iago anamwona kuwa mjuzi wa vita vya vitabuni tu, amefanywa naibu wa jemadari. Iago, aliyepigana pamoja na Othello huko Rhodes na Cyprus, amebaki mshika bendera.

Maonyesho mawili baadaye Othello anasimama mbele ya Baraza la Venice, anamkabidhi Iago mkewe amsafirishe hadi Cyprus, na sifa anayompa ni ileile. Hapa ndipo kinaya kinapoanza kuuma. Othello anadhani anatoa zawadi; Iago anajisikia akitiwa katika zizi la punda. Kila mara jemadari anapolirudia neno, naye hulirudia mpaka msomaji akaanza kuona haya kwa niaba yake, hukitonesha kidonda asichokijua. Cassio naye hulitumia vivyo hivyo anapomwaga Iago usiku ule aliponyweshwa pombe akavuliwa cheo. Desdemona hulitumia. Cassio husifiwa kwa sura na adabu zake. Iago husifiwa kama anavyosifiwa mbwa wa kulinda boma.

Onyesho la tatu la tendo la tatu ndilo kitovu cha mambo. Othello anauliza kama Cassio ni "honest". Iago hajibu. Analirudisha neno lilivyo, kama mwangwi, kwa sauti ya kuuliza. Wahakiki wengi huisifu hila hii kama ustadi wa kisaikolojia, lakini ni ustadi wa kimsamiati kwanza. Iago hasemi uongo wowote hapo. Analitikisa neno tu mpaka litoe mlio ambao Othello hakuwahi kuusikia. Muda si muda anamkumbusha Othello kwamba Desdemona alimhadaa babake alipoolewa kwa siri. Hilo ni kweli tupu, na Brabantio mwenyewe alikwisha kumwonya mkwewe kwa hoja hiyohiyo mbele ya Baraza. Kwa maana ya ukweli wa kauli, Desdemona hakuwa "honest" kwa babake. Kutoka hapo hadi kudai kwamba si "honest" kitandani ni hatua moja tu katika Kiingereza, kwa sababu neno ni moja. Kimantiki hatua hiyo haina msingi. Binti anayemficha babake mchumba si lazima awe mke anayemficha mumewe hawara. Lakini daraja limekwisha kujengwa na lugha, na Othello, mgeni ambaye Iago anamsisitizia kwamba hazijui siri za wanawake wa Venice, anavuka bila kutazama chini.

Kisa cha leso kinaendeleza mchezo huo. Desdemona anapoulizwa iko wapi, anasema haijapotea. Amesema uongo, uongo wa woga na wa kusikitisha, lakini ni uongo. Mwili wake ni "honest", kauli yake sivyo. Na Othello, ambaye sasa hana uwezo wa kuzitenganisha maana hizo mbili, anaichukua kauli kuwa ushahidi wa mwili. Mtafsiri akiandika "mkweli" panapohusu kauli, na "mwenye kujihifadhi" panapohusu mwili, atakuwa ameandika Kiswahili safi kisicho na dosari. Vilevile atakuwa amemfanya Othello mpumbavu. Mtazamaji wa Nairobi au Mombasa atajiuliza ni vipi jemadari mzima anashindwa kuona kwamba mambo hayo ni mawili, ilhali yametajwa kwa maneno mawili.

Mtafsiri basi anahitaji neno moja. Yapo manne au matano yanayoweza kupendekezwa. "Mkweli" halina budi kuachwa mapema kwa sababu halimgusi mwanamke katika ndoa yake. "Mnyofu" na "mwadilifu" ni maneno mazuri ya mimbarini na katika risala; lakini hakuna afisa anayempigia askari wake begani akimwita "mwadilifu wangu". Yanayobaki na yanayostahili mjadala wa kweli ni "muungwana" na "mwaminifu".

"Muungwana" linavutia kwa sababu historia yake inafanana mno na ya "honest". Katika miji ya pwani muungwana alikuwa mtu huru wa kuzaliwa, kinyume cha mtumwa. Katika misafara ya karne ya 19 jina hilo lilichukuliwa na wapagazi na askari wa pwani waliokwenda bara, baadhi yao wakiwa wenyewe ni watumwa. Na huko Kongo lahaja ya Kiswahili iliyotokana na nyayo zao ikaitwa Kingwana. Neno likalegeza nasaba likashika mwenendo, hata watu wakasema uungwana ni vitendo. Ni mteremko uleule wa "honest", kutoka cheo hadi tabia, isipokuwa kwamba Waswahili waliokuwa wakilitumia walijua fika wanachokifanya: aliyezaliwa mtumwa alijiita muungwana ili kuufuta utumwa wake. Mtu anayependa ulinganifu wa historia za maneno atashawishika kusimama hapo.

Jukwaani, hata hivyo, ushawishi huo ungeleta hasara. Othello ni mtu wa nasaba ya kifalme aliyetekwa, akauzwa utumwani, kisha akakombolewa. Anayasimulia haya mwenyewe mbele ya wakuu wa Venice, nayo ni miongoni mwa masimulizi yaliyouteka moyo wa Desdemona. Mtu wa namna hiyo akimwita Iago, mweupe na mwenyeji, "muungwana", masikio ya Mswahili yatasikia mtumwa wa zamani akimpandisha aliyezaliwa huru. Mkono uliokuwa begani utakuwa umeshuka kwenye magoti. Shakespeare anataka kinyume cha hayo: mweusi huyu ndiye mkubwa, mweupe yule ndiye mdogo, na uchungu wa mdogo unatokana na kusifiwa kama mdogo. Kuna kasoro nyingine iliyo nyepesi zaidi lakini inayotosha peke yake. Ni nani katika Afrika ya Mashariki atakayechukizwa kwa kuitwa muungwana?

Ila yupo anayeweza kuchukizwa kwa kuitwa mwaminifu. Neno hili kila mtu hulisifu, lakini si kila mtu husifiwa nalo. Mtu anayemwandikia barua ya sifa mlinzi wa usiku, yaya au karani wa duka hataliacha. Kwake ni sifa ya kwanza na mara nyingine ya pekee. Anayempendekeza meneja au mhadhiri ataandika kwamba ana tajriba, ana kipawa, ana uongozi. Akiongeza kwamba ni mwaminifu, msomaji wa barua ataanza kujiuliza kulitokea nini kazini hapo. Katika kaya za walowezi zilizohitaji mpishi, mtunza bustani na dereva, uaminifu ulikuwa sifa ya mtumishi, nayo haikumpandisha mtu kuwa bwana. Iago angelielewa neno hili mara moja. Ni sifa ya mtu ambaye hatapandishwa cheo.

Faida ya pili imo katika mnyambuliko wa neno, na hapa Kiswahili kinampa mtafsiri kitu ambacho Kiingereza hakikuwa nacho. "Mwaminifu" ni tunda la mti mmoja na amini, imani na amana. Amana ni kitu anachokabidhiwa mtu akihifadhi kwa niaba ya mwenyewe na kukirudisha salama. Katika mapokeo ya Kiislamu, Mtume aliitwa Al-Amin na watu wa Makka kabla ya kupewa utume, kwa kuwa alijulikana kwa kuaminika kwake, na watu waliziweka amana zao kwake. Sasa Othello anapomkabidhi Iago mkewe amvushe bahari, kitendo chenyewe ni kuweka amana. Katika Kiingereza uhusiano baina ya sifa ya Iago na kitendo cha kumkabidhi Desdemona huonekana kwa kufikiri. Katika Kiswahili utasikika katika silabi zenyewe. Anayeamini anaweka amana kwa mwaminifu. Na atakayeihini amana hiyo ana jina lake tayari: haini. Jina hilo litakaa likisubiri kwa matendo manne, hadi Emilia atakapoufumbua uovu wa mumewe katika tendo la tano.

Mti huohuo unaleta tatizo ambalo halifai kufichwa. Kwa umbo lake, "mwaminifu" ni mtu anayeaminika. Neno linatuambia kuhusu wanaomtazama kama linavyotuambia kuhusu yeye. Mtu "honest" wa Kiingereza hubaki hivyo hata akiwa peke yake kisiwani. Mwaminifu anahitaji wa kumwamini. Kwa hiyo Othello wa Kiswahili, kila amwitapo Iago mwaminifu, atakuwa pia akisema, "Mimi nimekuamini." Lawama itaegemea upande wake zaidi kuliko inavyoegemea katika Kiingereza. Wafuasi wa Bradley, wanaomwona Othello kuwa mtu bora aliyenaswa na shetani, watanung'unika. Wafuasi wa Leavis watafurahi. Mtafsiri hana njia ya kuwaridhisha wote, na afadhali ajue mapema kwamba neno alilolichagua limekwisha kumtia katika kambi moja.

Pingamizi kubwa zaidi litatoka kwa wananadharia wa tafsiri. Tangu Eugene Nida alipochapisha kazi yake kuu ya mwaka 1964, vyuo vyetu vimefunza kwamba kinachotafsiriwa ni ujumbe, na kwamba neno moja la lugha chanzi laweza kuhitaji maneno kumi tofauti katika lugha lengwa kulingana na muktadha. Kanuni hiyo ilizaliwa katika tafsiri ya Biblia, na huko imefanya kazi njema. Imesaidia pia kuwazuia wanafunzi wasitafsiri kamusi badala ya matini. Lakini inachukulia kwamba muktadha huchagua maana moja na kuzifukuza nyingine. Katika tendo la tatu la Othello muktadha haufukuzi chochote. Maana zote zimo chumbani, na mtu mmoja anazipanga kwa hila.

Mfano ulio karibu zaidi unaweza kulitatua jambo hili kuliko nadharia. Katika tamthilia ya Julius Caesar, Antony anasimama juu ya maiti na kumwita Brutus "honourable" tena na tena, mpaka neno linaoza mdomoni mwake na umati unalichukia. Wasomaji wa Kiswahili wameifahamu tamthilia hiyo tangu Julius Nyerere alipoitafsiri mwaka 1963, kisha akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hakuna mtafsiri mwenye akili timamu atakayebadilisha neno katika hotuba ile kwa kisingizio cha muktadha, kwa kuwa kila mtu anaona kwamba marudio ndiyo silaha. (Wakenya, ambao huwaita wabunge wao waheshimiwa asubuhi na jioni, hawahitaji kufundishwa jinsi sifa inavyoweza kuchakaa kwa kurudiwa.) Neno "honest" katika Othello hufanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba Antony hulirudia neno lake katika hotuba moja, ilhali "honest" limetawanywa katika matendo matano na vinywa vingi, kwa hiyo jicho la mtafsiri anayeshughulikia ukurasa mmoja kwa siku halioni mnyororo.

Nyerere huyohuyo alitoa funzo jingine mwaka 1969 alipoliita The Merchant of Venice kwa jina la Mabepari wa Venisi. Wengi wamelichukulia jina hilo kuwa siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 iliyopenyezwa katika jalada la Shakespeare, na hakika wingi huo, mabepari mahali pa mfanyabiashara mmoja, haukuja kwa bahati mbaya. Husahaulika kwamba "bepari" lilitoka katika lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, kabla ya kuvishwa maana ya mnyonyaji. Nyerere alichagua neno lenye tabaka mbili, akaliacha lizungumze kwa tabaka zote mbili. Hivyo ndivyo mtafsiri wa Othello anavyopaswa kufanya, ingawa kwake kazi ni ngumu zaidi kwa vile neno lake halimo jaladani bali katika kila chumba cha nyumba.

Vipo vyumba viwili ambamo "mwaminifu" halikai vyema. Cha kwanza ni onyesho la kwanza la tendo la tano. Bianca, anayempenda Cassio na ambaye Iago anamwita kahaba, anatukanwa na Emilia barabarani usiku, naye anajibu kwamba maisha yake ni "honest" sawa na ya huyo anayemtukana. Bianca hana mume. Mwanamke asiye na mume anaweza kuitwa mwaminifu kwa nani? Hapa Kiswahili kinavuta kuelekea "mwanamke wa heshima", na wengi wataridhika nalo. Lakini kumnyima Bianca neno ambalo kila mtu amempa Iago bure ni kumwonea mara ya pili. Ni heri aseme kwamba naye ni mwaminifu, na hadhira iduwae kidogo. Maana kwa hakika Bianca ni mwaminifu kwa Cassio kuliko Cassio alivyo kwake, na kuduwaa huko kutaileta hukumu hiyo masikioni.

Chumba cha pili ni kigumu zaidi. Karibu na mwisho, baada ya kunyang'anywa upanga, Othello analiweka "honour" ubavuni mwa "honesty" na kuuliza kwa nini la kwanza liishi baada ya la pili kufa. Ni ndugu wawili wa tumbo moja la Kilatini, mmoja amebaki na cheo na mwingine ameshuka kwa watu wa kawaida, na Othello anawazika pamoja. "Heshima" na "uaminifu" si ndugu. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini mizizi ni tofauti na sauti hazifanani. Undugu huo unapotea, na hakuna ufundi utakaourudisha. Hata hivyo maana ya juu haipotei. Uaminifu wa nani uliokufa? Wa Iago aliyeihini amana, wa Desdemona aliyedhaniwa ameuvunja, au wa Othello mwenyewe, ambaye katika nyumba hiyo yote ndiye aliyemuua mtu aliyemwamini? Kiingereza nacho kinaliacha swali hilo wazi.

Jambo moja zaidi laonekana pindi neno likiisha kushikiliwa toka mwanzo. Ngeli ya kwanza ya Kiswahili haibagui mume na mke. "Honest" la Kiingereza lilibadilika maana kulingana na jinsia: kwa mwanamume liliuliza habari ya ulimi na mikono yake, kwa mwanamke liliuliza habari ya kitanda chake. "Mwaminifu" likitamkwa katika ndoa huwahusu wote wawili kwa kipimo kimoja, hata kama jamii zetu zimezoea kumdai mke na kumsamehe mume. Emilia ndiye mhusika anayenufaika. Mwishoni mwa tendo la nne anamweleza Desdemona kwamba wake wana hisia na tamaa kama waume zao, na kwamba wake hujifunza makosa kwa waume. Katika Kiingereza anapambana na lugha yenyewe. Katika Kiswahili sarufi iko upande wake.

Kisha linafika onyesho la mwisho. Othello amekwisha kuua, na Emilia anauliza nani aliyemwambia kwamba Desdemona ni mzinzi. Anajibiwa kuwa ni mumewe. Anauliza tena, na tena, kana kwamba hakusikia, na Othello analirudufisha neno lake kwa jina la Iago. Kwa msikilizaji wa Kiingereza neno hilo hapo lina maana ya rafiki msema kweli, na kinaya kinaishia hapo. Lakini "mumeo mwaminifu", likitamkwa mbele ya mke, haliwezi kuepuka kuwa na maana ya mume asiyemwendea mke mwingine kinyume. Emilia amewahi kushukiwa na Iago kwamba alilala na Othello huyuhuyu. Amewahi kuiokota leso kwa ajili ya kumpendeza mume asiyempenda. Na sasa anasifiwa mumewe kwa neno la ndoa, kando ya kitanda cha mwanamke aliyeuawa kwa neno hilohilo. Kinaya hicho hakimo katika Kiingereza cha Shakespeare.